Nyasi za Ikulu

Mwezi wa saba, pamba ikiwa kwenye mizani na udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa za kumeza kisigino, Babu huanza kutembea bila jembe. Huvuka korongo lililokauka, akaingia kwenye ngitili ya ukoo, akasimama. Hushika unyasi mmoja karibu na shina, akauvuta polepole kati ya kidole gumba na cha shahada hadi kwenye suke, halafu akaukunja kwenye fundo. Ukivunjika kwa mlio mkavu bado hajaridhika. Anauinua machoni na kutazama ulipovunjikia. Akiona ukijani umebaki ndani ya fundo anasema, "Huu bado unanyonya," na tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Nimemfuata hivyo kwa misimu mitatu. Hakumzaa baba yangu wala mama yangu. Ni jirani wa boma la pili, lakini hapa Mwanhuzi mtu wa umri wake ni guku wa kila mtoto anayepita. Ni mwezekaji. Anakumbuka wakati kila kijiji cha Meatu kilikuwa na watu kadhaa wa kazi hiyo. Leo mji umeng'aa kwa bati, naye huitwa kuezeka majiko, vibanda vya kupumzikia, na mara mojamoja msonge mzima wa mtu anayetaka kulala kama alivyolala babu yake. Nilianza kumfuata kwa sababu nilitaka kuandika juu ya nyumba za watemi wetu na zilivyopotea. Nilidhani nitakaa naye siku moja, nimuulize maswali kumi, niondoke. Siku ya kwanza hakujibu hata moja. Alinipa mundu.

Kazi ya kuezeka huanza muda mrefu kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani. Huanza masika, pale mwenye ngitili anaposema ng'ombe wasiingie. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, yakomae, yasimame hadi kiangazi mifugo itakapoishiwa. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma, na iliwahi kukaribia kufa. Misitu ilifyekwa kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kila mmoja akaacha nyuma ngitili yake. Mwaka 1986, Meatu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ngitili zilizorekodiwa wakati huo zilikuwa hekta 600 tu na ushee. Wakulima na wafugaji walianza kuzifunga tena, moja moja, za familia na za vijiji. Miaka ya mwanzo ya 2000 makadirio yalikuwa yamevuka hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Babu hana habari na tuzo. Anachokumbuka ni kwamba kulikuwa na miaka aliyolazimika kutoa mkokoteni wa ng'ombe na kulala njiani ili apate nyasi ndefu, na kwamba baadaye nyasi zilirudi mahali anapoweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Na si kila nyasi. Wasukuma husoma mteremko kwa udongo wake: luseni ya kichanga kule juu karibu na majabali, itogolo ngumu katikati, mbuga nyeusi chini kabisa. Babu husema nyasi za mbuga hunenepa upesi kwa sababu zimekunywa sana, na kilichokunywa sana huoza upesi. Yeye hupanda juu, kwenye luseni, ambako bua ni jembamba na gumu kama uti wa mwavuli. Hukata jua likiwa limekwisha kukausha umande, maana kitita kilichofungwa na unyevu huvunda katikati, na uvundo huo hauonekani mpaka mwaka wa pili, paa linapobonyea bila sababu.

Nyasi zikifika nyumbani huja kazi ambayo sikuwahi kujua kama ipo. Babu ana ubao aliopigilia misumari mirefu, umefungwa kwenye mti wa mwarobaini kwa urefu wa kifua. Hushika fungu la nyasi kwa mikono miwili, akalipiga kwenye misumari na kulivuta, akaligeuza, akalivuta tena. Anachana. Majani yote, maganda na magugu yaliyojipachika hubaki chini, na mkononi hubaki mabua matupu, yamenyooka, yanang'aa rangi ya asali. Karibu nusu ya tulichobeba kutoka ngitili hubaki chini ya mwarobaini kwa ajili ya ndama. Mara ya kwanza niliumia nikiona hivyo, mgongo ulikuwa bado unaniuma kwa kubeba. Nilimuuliza kwa nini tusiezeke na majani yake, paa likapata unene bure.

"Jani linakunywa maji, mjukuu wangu," alisema. "Bua linamwaga."

Fungu lililochanwa hulisimamisha wima na kuliangusha juu ya jiwe bapa, mara kumi, mara kumi na mbili, mpaka mashina yote yakae usawa mmoja kama meno. Halafu hulifunga kwa uzi wa mkonge aliousokota mwenyewe pajani, akalipanga kivulini. Kwa msonge mmoja wa kawaida atarudia hivyo mamia ya mara. Sijamwona akiharakisha fungu hata moja, na sijamwona akilikagua fungu baada ya kulifunga, kiganja kilishalikagua.

Miti ya paa, makombamoyo yake, anaipima kwa macho. Husimama mbali, akanyoosha mkono kulinganisha mteremko, akafumba jicho moja. Paa la nyasi linataka kusimama, angalau nusu ya pembe mraba, ili tone likiligusa lipate haraka ya kushuka kabla halijapata nafasi ya kuingia. "Paa likilala," husema, "maji nayo yanalala." Fito huzungushwa juu ya makombamoyo, duara juu ya duara, kila moja dogo kuliko la chini yake, na kwa siku mbili tatu nyumba huwa kama tenga kubwa lililofudikizwa.

Kisha huanza kuezeka kwenyewe, kutoka chini. Safu ya kwanza hukaa kwenye upenu, nayo ndiyo fupi na nene kuliko zote kwa sababu itabeba maji ya paa zima. Safu ya pili huifunika ya kwanza zaidi ya nusu, ya tatu huifunika ya pili, na katika kila safu uzi unaofunga lazima ulale chini ya nyasi za safu inayofuata. Uzi usionane na mvua kamwe. Babu hukaa nje juu ya ngazi akiwa na sindano ya mti ndefu kama mkono. Ndani, gizani, hukaa kijana. Sindano huingia na uzi, kijana huipokea, huizungusha kwenye ufito, huirudisha. Wao hawaonani. Kinachowaunganisha ni sauti na sindano: "Rudisha." "Kushoto kidogo." "Kaza." Aliye nje anajua nyasi, aliye ndani anajua mwanga, kwani ndiye pekee anayeona vitundu ambako jua linapenya. Akiona kimoja hukitia kidole, na Babu akiona kidole kimetokeza nje hukifunika kwa nyasi. Nimekaa ndani hivyo kwa siku nne mfululizo, vumbi likiniingia kooni, na sitasahau namna giza linavyopanda kutoka chini, safu kwa safu, mpaka mwanga unabaki duara dogo kileleni ukubwa wa sinia.

Ugumu wa msonge uko kwenye kupungua kwake. Nyumba ya pande nne huhitaji vitita vya ukubwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Msonge kila ukipanda duara linabanwa, na asiyejua hulazimisha vitita vilevile vikasongamana, vikainua migongo, maji yakapata mifereji. Babu huvipunguza vitita vyake safu kwa safu bila kuhesabu, kidogo mno hivi kwamba ukisimama uani paa lote linaonekana limekatwa kwenye kitambaa kimoja. Nimejaribu kukamata ni wapi anapopunguza. Nimeshindwa.

Hii ndiyo sayansi iliyofunika ikulu zetu. Neno lenyewe, ikulu, ambalo redio ikilitaja tunawaza Magogoni na Chamwino, ni la huku. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni makao ya mtemi. Watemi wa Meatu, Kimali, Kanadi, Itilima na Ntuzu hawakukaa kwenye ngome za mawe. Walikaa kwenye misonge ndani ya ua, wakiwa na ngoma za utemi ambazo bila hizo hakukuwa na utemi wa kuzungumzia, na paa lililokuwa juu ya ngoma hizo lilikuwa nyasi zilezile zinazofunika jiko la mjane. Tofauti ilikuwa kwenye mikono mingapi. Nyasi za mtu wa kawaida hukatwa na jamaa zake. Kazi za pamoja ziliitishwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, na alipopiga mbiu kwa ajili ya ikulu waliitika vijana wengi, kwa nyimbo.

Kwa hiyo paa la ikulu lilikuwa na maana ambayo jiwe haliwezi kuwa nayo. Lilionyesha kila baada ya misimu michache kama watu bado wanamtaka mtemi wao. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu, hakuna aliyehitaji kubomoa ikulu. Ilitosha watu wasilete nyasi. Ukienda Zanzibar utaikuta Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Wenyewe waliondoka, sababu ya kujengwa iliondoka, na kuta bado zimesimama. Jiwe la matumbawe hungoja. Nyasi hazingoji mtu. Masika tatu au nne bila mwezekaji, fito zinachungulia, mchwa wanapanda, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule anacheza juu ya kichuguu asijue ni sebule ya nani.

Hapo ndipo swali langu la zamani lilipobadilika. Niliacha kuuliza ikulu zilipotea vipi, nikaanza kuuliza kama kuna mahali ikulu ilipoteza mfalme wake na watu wakaendelea kuleta nyasi.

Pako, ng'ambo ya ziwa letu. Kilima cha Kasubi, Kampala. Mwaka 1882 Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda alijenga hapo ikulu yake, nyumba ya duara iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, kwa miti, matete na nyasi. Miaka miwili baadaye akafa, akazikwa ndani yake. Ikulu ikageuka patakatifu. Desturi ilikuwa kila kabaka awe na kaburi lake, lakini waliofuata walimfuata humohumo: Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mwili wake kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa, aliyefariki mwaka 1939, na Muteesa wa Pili, rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa nyumbani mwaka 1971. Nyumba ina upana wa mita 31 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani, pazia la magome ya mti, lubugo, linatenga sehemu wanayoiita msitu, na kwao wafalme hawakufa, wameingia msituni. Mgeni huvua viatu na kuketi juu ya mikeka. Wanawake wa ukoo wa wake za makabaka huishi kuizunguka na kuilinda, kizazi baada ya kizazi, kwa zamu.

Nilimwonyesha Babu picha yake kwenye simu. Tulikuwa chini ya mwarobaini, ndama wakitafuna majani tuliyochana. Alishika simu mbali na uso, nikamfundisha kuikuza kwa vidole viwili, naye hakwenda mlangoni wala kwenye mikuki iliyopangwa ndani. Alikwenda darini. Kwa ndani dari ya Kasubi ni maduara yaliyosokotwa kwa matete na nyasi, moja ndani ya jingine hadi kileleni, na yako 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Babu alianza kuyahesabu kwa midomo bila sauti, akapotea, akaanza tena. Mwishowe aliniambia, "Hawa walikuwa na mtu wa ndani mzuri."

Kule Buganda kuezeka nyumba ya kabaka ni haki ya ukoo mmoja, Ngeye, ukoo wa mbega, na mkuu wa waezekaji hao ana cheo cha kurithi, Wabulaakayole. Kazi ina miiko yake. Desturi inakataza wanawake kuwepo pale paa linapoezekwa. Mtu anaweza kuona miiko hiyo kama mzigo, nami sitaki kuitetea yote. Ninachoona ni kwamba ufundi ulipewa mwenyewe, ukapewa jina, ukapewa watoto wa kuurithi. Babu hana cheo. Akifa kesho, hakuna kikao kitakachokaa Mwanhuzi kuuliza nani sasa anashika sindano.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliungua. Nyasi zilizokaushwa kwa uangalifu wa vizazi ziliwaka kwa kasi, na asubuhi Kampala ilikuwa inalia barabarani. UNESCO, iliyokuwa imeiweka Kasubi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi upya ulichukua zaidi ya muongo mmoja. Wengi walilalamika kwamba umechelewa, na ningekuwa Mganda labda ningelalamika pia. Lakini nikiwa nimekaa misimu mitatu chini ya mwarobaini naelewa. Zege ungeweza kuliagiza. Nyasi zilitaka watu wenye viganja vinavyojua, na viganja hivyo vilikuwa vichache, vya wazee. Vijana wa Ngeye ilibidi wajifunze kwanza, waharibu, wafumue, warudie. Mwezi Septemba 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya hatari.

Japani ilisaidia, kupitia UNESCO, hasa katika kujikinga na moto, na sishangai kwamba ni Japani. Kule Shirakawa-go, bondeni kwenye theluji, kuna nyumba za wakulima zenye paa la nyasi nene, nazo huezekwa na kijiji kizima kwa siku moja au mbili, kwa utaratibu wa kusaidiana uitwao yui. Leo wewe wangu, kesho mimi wako. Nsumba ntale angejisikia nyumbani. Na huko Ise, hekalu kuu la Washinto lenye paa la nyasi hujengwa upya zima kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, na lile kuukuu hubomolewa. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, mara ya 62. Miaka 20 inatosha seremala aliyekuwa mwanagenzi kwenye ujenzi uliopita kuwa fundi kwenye huu, na kuwa mzee msimamizi kwenye ujao. Wajapani wamechukua udhaifu wa nyasi wakaufanya kalenda ya kufundishia watoto.

Nimewaza pia Ethiopia, maana huko ndiko ukuta wa mfalme na ukuta wa mtawa umekaribiana kuliko popote katika upande huu wa Afrika. Gondar, mji ulioasisiwa na Mfalme Fasilides mwaka 1636, una majumba ya mawe yenye minara ambayo mtu angeyaita kasri bila kusita. Malkia Mentewab, katika karne ya 18, alijenga nje kidogo ya mji, Qusquam, kasri na kanisa ndani ya ua mmoja, na baada ya kusukumwa nje ya madaraka aliishia huko, kwenye sala. Kasri sasa ni magofu. Lakini visiwani na kwenye rasi za Ziwa Tana, makanisa ya monasteri za Kiorthodoksi yalijengwa kwa umbo ambalo Msukuma angelitambua akiwa bado kwenye mtumbwi: duara, paa la nyasi lenye kilele. Ura Kidane Mehret ya Zege ni mfano. Ndani kuna mizunguko mitatu, wa nje kwa waimbaji, wa kati kwa wanaokomunika, na wa ndani kabisa kwa makuhani tu, panapokaa tabot, nakala ya mbao za Agano. Misonge mingi ya zamani ya huku kwetu nayo ilikuwa na ukuta ndani ya ukuta; ndama na mbuzi walilala mzunguko wa nje, watu wa ndani. Sidai undugu kati ya vitu hivi viwili. Nasema tu kwamba mwezekaji akishaifunika nyumba ya duara, katikati yake panakuwa na giza na utulivu wa namna moja, awe anayelala humo ni mtemi, mtoto mchanga au Mungu.

Mwaka jana nilimpeleka Babu Bujora. Tulitoka Mwanhuzi alfajiri, tukapita Bariadi, tukashuka Lamadi, tukashika barabara ya Musoma kwenda Mwanza, na baada ya Magu tukateremka Kisesa; Kisesa ya kule, si Kisesa yetu ya Meatu. Kilimani pale, miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, alianza kazi ambayo baadaye ikazaa Makumbusho ya Wasukuma. Watu wengi wanaijua kwa Bulabo, ngoma za mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Ekaristi, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kuvuta watazamaji. Wengine wanalijua banda la watemi lililojengwa kwa sura ya kiti cha enzi, na ngoma za utemi zilizohifadhiwa humo. Mimi nilitaka Babu aone kanisa.

Yeye alikwenda kwanza kwenye boma la mfano, penye nyumba ya nyasi ya kuonyesha maisha ya zamani. Hakusalimia paa. Alilizunguka kimya, mikono nyuma, halafu akaingiza mkono wa kulia ndani ya nyasi za upenu hadi kwenye kiwiko na kuuacha humo kama daktari anayesikiliza kifua. Alipoutoa alinusa vidole. Kisha akauliza kama kuna moto unaowashwa ndani. Kijana aliyekuwa akitutembeza akasema hapana, ni nyumba ya maonyesho. Babu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Nyumba ya nyasi inalindwa na moshi wake. Jiko la mafiga matatu likiwaka kila jioni, moshi hupanda, hupenya nyasi, hukausha unyevu wa mchana na kuwafukuza mchwa na dumuzi; mabua ya ndani hugeuka meusi, yanang'aa kama yamepakwa lami, na hayo hudumu. Tulipohamishia moto nje kwenye majiko ya pembeni, mapaa yalianza kufa mapema, na watu wakasema nyasi hazifai.

Kanisa la Bujora ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na alama zake ni za utemi. Tabernakulo imepewa sura ya nyumba, na mbele yake pana ngao na mikuki. Babu si Mkatoliki. Aliingia, akavua kofia, akasimama karibu na nguzo ya mlango. Nilianza kumweleza kile nilichosoma, juu ya padre aliyetaka watu wamwone Kristo kama Ntemi wao, na alinizuia kwa kiganja. Alikuwa anatazama ngao.

"Ngao iko mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Basi mwenyewe yumo."

Tulikaa humo muda mrefu. Nilifikiria ikulu zote zilizogeuka vichuguu Meatu, Itilima na Ntuzu, na jinsi padre kutoka Kanada pamoja na wazee wa Kisukuma walivyokuta umbo lile bado liko hai kwenye viganja vya watu na kulipa mkazi mpya, miaka michache tu kabla watemi wenyewe hawajaondolewa. Naliheshimu jambo hilo kwa moyo wote. Na bado nilipotoka nilijua kwamba umbo ni nusu. Nusu nyingine ni yule mzee aliyesimama mlangoni na harufu ya nyasi za kale kwenye vidole.

Mwezi wa kumi tulimaliza msonge wa mwisho wa msimu, kwa familia moja ya pembezoni mwa mji iliyotaka nyumba ya bibi yao irudi kama ilivyokuwa. Kileleni nyasi za pande zote hukutana, zikafungwa fundo moja nene, na juu ya fundo Babu hufudikiza chungu kikuukuu kilichotoboka, ili maji yasipate mahali pa kuanzia. Alishuka, akanawa miguu, akakataa kulipwa yote. Alichukua nusu, na kusema nyingine ataichukua baada ya mvua.

Mvua ilikuja wiki ya tatu, usiku, yenye radi na mawe. Asubuhi alinigongea. "Mwangaluka. Twende." Tulifika bibi akiwa anafagia, ndani kukavu, moto unawaka, moshi unatoka polepole kwenye paa zima kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Babu hakuingia. Aliinama chini ya upenu na kuanza kuizunguka nyumba akitazama ardhi. Matone yaliyoanguka usiku kucha yalikuwa yamechimba vitundu vidogo kwenye udongo, kimoja karibu na kingine, yakachora duara moja jembamba kuzunguka msonge wote, sawasawa kana kwamba limechorwa kwa kamba. Alilifuata hatua kwa hatua. Bibi alikuwa amesimamisha ufagio, akimsubiri.

Upande wa mashariki, karibu na dirisha dogo, Babu alisimama. Vitundu vitatu vilikuwa vimetoka nje ya mstari, kama upana wa vidole viwili. Alichuchumaa akavitazama, akainua macho kwenye upenu juu yake, akarudisha macho chini.

"Wabeja, mama," alimwambia bibi. "Hapa nitarudi Jumatatu."